Baruti inanuka au inanukia?

Usiku wa Diwali mwaka jana nilikuwa Parklands, Nairobi, na binti wa dada yangu, tukitembea kuelekea steji ya matatu. Mvua ya vuli ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, lami bado inang'aa, na nyuma ya ukuta wa nyumba moja watoto walikuwa wakiwasha fataki mfululizo. Moshi mweupe ukapanda juu ya ukuta, ukashuka barabarani, ukatufikia. Binti akavuta kola ya sweta yake hadi puani.

"Anti, twende haraka. Hapa pananuka baruti."

Mimi nilikuwa nimesimama tuli, nimejaza mapafu. Neno lililonitoka kabla sijalifikiria lilikuwa, "Pananukia."

Alinitazama kama mtu aliyemsikia mzazi wake akitukana. Katika jambo hili Kiswahili hakimwachi msemaji akae katikati: kinachonuka kinakera, kinachonukia kinapendeza, na lazima uchague upande kabla kitenzi hakijakwisha. Tulikuwa chini ya taa moja, tumevuta moshi mmoja, tukachagua vitenzi viwili. Yeye alikuwa amerudi katikati ya jiji, kwenye maandamano ya Juni 2024. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, kuruta wa miaka 21, shavu limegusa kitako cha bunduki ambayo sikuwa nimewahi kuishika kabla ya juma lile.

Tangu usiku huo swali halijaniacha. Moshi unawezaje kumbeba mtu miaka thelathini nyuma kwa pumzi moja? Na kwa nini ulinipeleka kwenye uwanja wa shabaha, siku niliyofundishwa kulenga, wala si kwenye miaka mingi niliyoivaa sare baadaye? Nimesoma nilichoweza, nimewauliza wenzangu wa zamani, na nimegundua kwamba fundo hili lina nyuzi kadhaa. Wa kwanza ni moshi wenyewe, kwa sababu moshi wa fataki na moshi wa risasi ni vitu viwili.

Baruti ya kale, ile nyeusi iliyojazwa kwenye magobore, ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Kipimo kilichozoeleka ni shura asilimia 75, makaa 15, salfa 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa chembe ngumu zinazoelea hewani. Ndiyo maana moshi wake ni mzito na mweupe kama pamba. Salfa nayo hutoa gesi ile yenye harufu ya yai bovu, ambayo pua ya binadamu huidaka hata ikiwa kidogo mno. Fataki nyingi za Diwali bado hurushwa kwa baruti ya aina hii.

Risasi za leo ni jambo jingine. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti kutokana na nitroselulosi, yaani nyuzi za mmea kama pamba zilizotiwa asidi ya naitriki. Alfred Nobel akafuata na ya kwake mwaka 1887, na mwaka 1889 Waingereza wakapata kordaiti, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilikuwa nyuzi nyuzi kama kamba nyembamba. Hiyo kordaiti ndiyo iliyokuwa ndani ya risasi za .303 walizobeba babu zetu wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki, katika Vita vya Pili vya Dunia. Waandishi wa hadithi za kijasusi bado wanapenda kuandika kwamba chumba kilijaa harufu ya kordaiti, ingawa bunduki za leo hazipigi tena kordaiti. Baruti hizi mpya huitwa baruti zisizo na moshi. Moshi upo, ila ni mchache, kwa kuwa karibu kila kitu hugeuka gesi: kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi, naitrojini, mvuke wa maji. Gesi hizo karibu zote hazina harufu. Tunachokinusa ni mabaki: masalia ambayo hayakuungua vizuri, dawa zinazochanganywa ili baruti isiharibike ghalani, mafuta ya bunduki yaliyopata joto, na kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda.

Kiwashio ndicho kilichonipa jibu la kwanza. Wazee waliotumia magobore walikiita fataki kile kikofia kidogo kilichopigwa na nyundo ya bunduki ili baruti iwake. Neno lile lile leo tunawapa watoto wa Parklands. Kiwashio cha risasi za kawaida huwa na mchanganyiko wa kemikali ya madini ya risasi, naitreti ya bariamu na salfaidi ya antimoni. Hapo salfa inarudi kwa mlango wa nyuma, kidogo sana, lakini inatosha. Tena salfa au salfaidi hiyo hiyo ya antimoni hutiwa kwenye vichwa vya njiti za kiberiti. Na neno kiberiti lenyewe tulilichukua kwa Waarabu, ambao kwao ni salfa. Kwa hiyo fataki, risasi na kiberiti ni watu wa ukoo mmoja. Hawafanani sura, lakini kuna kikohozi kimoja wanachokohoa wote.

(Moshi huo si wa kuuchezea. Mna vumbi la madini ya risasi ndani yake, na wanaofundisha shabaha kwenye vyumba vilivyofungwa wanahitaji hewa inayopita vizuri, kunawa mikono kabla ya kula, na kupimwa damu mara kwa mara. Naliandika hili kwa sababu niliwajua watu waliokula mkate kwa mikono ile ile.)

Sasa tuingie puani. Juu kabisa ya tundu la pua, karibu usawa wa macho, kuna kipande kidogo cha utando chenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli ina aina moja ya kipokezi. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa jamii kubwa ya jeni zinazounda vipokezi hivyo, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana aina zipatazo 400 zinazofanya kazi. Aina 400 zinatosha kutambua harufu zisizohesabika kwa sababu harufu moja hugusa vipokezi vingi kwa pamoja, kama vidole vinavyobonyeza vitufe kadhaa vya kinanda. Kinachofika kwenye ubongo ni mpangilio wa vitufe hivyo. Ubongo nao una tabia ambayo kila mama anaijua: humtambua mtoto kwa kikohozi kimoja kutoka chumba cha pili. Ukiupa sehemu ya mpangilio uliouzoea, hujaza uliobaki wenyewe. Fataki za Parklands zilinipa ule uzi wa salfa iliyoungua. Ubongo wangu ukaongeza mafuta ya bunduki, nyasi na baridi.

Kuna jambo jingine kuhusu njia. Picha na sauti, kabla ya kufika kwenye sehemu za juu za ubongo, hupitia kituo kiitwacho thalamasi, kama abiria wa bara wanavyolazimika kushuka Machakos Country Bus kabla ya kuingia mjini. Harufu ina njia ya panya. Neva zake hupenya kwenye mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, huingia kwenye vifundo viwili vidogo chini ya ubongo, na kutoka hapo hufika karibu moja kwa moja kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu na hisia, na jirani kabisa na hipokampasi, inayofunga kumbukumbu za matukio. Ndiyo maana hisia hutangulia jina. Moyo wangu ulikuwa umekwishaenda mbio kabla sijajua ni kwa nini.

Watu wengi wanaoelezea jambo hili huishia hapo: njia ni fupi, basi kumbukumbu ni kali. Sidhani inatosha. Njia hiyo fupi inabeba pia harufu ya sabuni, ya mtaro, ya mandazi ya asubuhi, na hakuna inayonisimamisha barabarani namna ile. Lazima kuwe na kitu katika siku yenyewe ya kujifunza kupiga risasi. Nilipoirudia polepole nikakiona.

Tuliamshwa kabla ya saa kumi na moja. Uwanja wa shabaha ulikuwa bondeni, na hewa ya baridi ilikuwa imelala chini kiasi kwamba moshi wa kundi lililotangulia haukupanda; ulitandaa juu ya nyasi kama maziwa yaliyomwagika. Tulipewa pamba za kuziba masikio. Tukalala mstari mmoja, miguu imetanuka, bunduki aina ya G3 begani, zaidi ya kilo nne za chuma. Sajini alikuwa akipita nyuma yetu, namwona buti tu.

"Kuruta, vuta pumzi. Toa nusu. Zuia. Sasa finya polepole, usivute. Mlio ukushangaze."

Kabla sijafinya, aliyekuwa kushoto kwangu alifyatua. G3 hutupa ganda kulia kwa nguvu. Ganda lake likanipiga kwenye mkono, moto kama kaa, na nyuma yake pumzi ya moshi ikanijaa usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia harufu ile. Nikafinya. Kitako kikanipiga begani, dunia ikawa kimya cha ajabu, na kitu cha kwanza nilichofanya, bila kuamriwa na mtu, ilikuwa kuvuta pumzi ndefu kwa pua.

"Kuruta, umefunga macho."

"Hapana, afande."

"Nimekuona. Tena."

Tazama jinsi somo lenyewe lilivyopangwa. Masikio yamezibwa. Jicho moja limefumbwa, la pili limebanwa kwenye ncha ya shabaha. Mwili umeambiwa usitikisike. Katika milango yote ya fahamu, pua peke yake ndiyo iliyoachwa wazi, nayo imezuiwa isivute hewa hadi sekunde ile ile moshi unapotoka. Halafu mapafu yenye njaa yanavuta kwa nguvu. Kama mtu angeambiwa abuni njia ya kupigilia harufu kwenye kumbukumbu kwa misumari, sidhani angepata iliyo bora kuliko somo la kulenga shabaha.

Pumzi ina uzito wake hapa. Mwaka 2016 watafiti wa Chicago wakiongozwa na Christina Zelano walionyesha kwamba kuvuta hewa kwa pua hupanga mawimbi ya umeme katika amigdala na hipokampasi, na kwamba watu hukumbuka vizuri zaidi walichokiona wakati wa kuvuta hewa kuliko wakati wa kuitoa. Wakipumua kwa mdomo, tofauti hiyo hupotea. Ongeza hofu. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, mwili humwaga adrenalini, na amigdala ikiwa imeamka hivyo huiambia hipokampasi iandike kwa kalamu nzito. Kuruta aliyelala pale ana kila kitu: ugeni, hofu, pumzi, na sauti ya mkubwa wake inayomwambia kwamba kosa lake limeonekana.

Nilipiga risasi tano. Karatasi iliporudi ilikuwa na matundu mawili. Baada ya hapo tulitambaa kwenye nyasi kuokota maganda, kwa kuwa kila ganda lilihesabiwa, na likikosekana moja hakuna aliyekwenda kula. Viganja vyangu vilibaki vinanuka chuma siku nzima. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ile harufu ya chuma mikononi, ile ya sarafu na vyuma vya basi, kwa kweli haitoki kwenye chuma. Jasho na chuma vikikutana, mafuta ya ngozi huvunjika na kutoa vitu vyenye harufu. Watafiti walikieleza kisa hicho mwaka 2006. Nilichokuwa nikikinusa kwenye viganja vyangu kilikuwa mimi mwenyewe, nimebadilishwa kidogo na bunduki. Hilo liliniuma kwa namna ambayo bado sijaimaliza.

Wakati wa chakula nilimwambia sajini kwamba mikono haitaki kutakata. Akanusa ya kwake, mbele na nyuma, akatikisa kichwa. "Mimi sisikii kitu."

Hakuwa akijigamba. Pua huchoka haraka. Harufu isiyobadilika hufifia ndani ya dakika chache, na anayeishi nayo kila siku huacha kuisikia kabisa, kama mwuza samaki asivyosikia shombo lake. Mimi pia ilinitokea. Katika miaka ya kazi nilikwenda shabaha mara nyingi, nikafundisha wengine, na sikumbuki harufu ya hata moja ya siku hizo. Ilikuwepo, pua ilikuwa imeshaifungia mlango. Kwa hiyo ukimuuliza askari mstaafu moshi wa bunduki unamkumbusha nini, mara nyingi hatakutajia kazi. Atakutajia ukuruta: njaa, kwata, rafiki wa kitanda cha jirani, viatu vya saizi isiyo yake.

Uchunguzi wa kumbukumbu unakubaliana na hili. Mwaka 1977 Harry Lawless na Trygg Engen waliwapa watu harufu zilizoambatanishwa na picha, kisha wakaambatanisha harufu zile zile na picha nyingine. Picha ya kwanza ilikataa kung'oka. Harufu, wakishaoana na tukio la kwanza, hawapendi mke wa pili. Nami nina ushahidi wangu, mzito kuliko wa maabara. Nimeusikia moshi ule ule usiku mmoja Eastlands, katika tukio ambalo sitalisimulia hapa, ambapo mtu alianguka na hakuamka. Ungedhani usiku huo ndio ungekuwa mwenye nyumba. Lakini nikinusa baruti hauji. Unakuja kwa njia nyingine, nikiona ndara za bluu zilizoachwa mlangoni. Moshi ulikuwa umeshaolewa bondeni, miaka kumi na kitu kabla.

Kuna utafiti mmoja wa Sweden, wa mwaka 2006, ambao mwanzoni ulinitatiza. Johan Willander na Maria Larsson waliwachukua wazee, wakawaamshia kumbukumbu kwa maneno, kwa picha na kwa harufu. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye ujana, kati ya miaka 11 na 20. Harufu ziliwarudisha nyuma zaidi, kabla ya miaka kumi. Mimi nilikuwa na 21 pale bondeni, basi mbona harufu ikaniganda? Nadhani kinachohesabika ni mara ya kwanza, na kwa harufu nyingi mara ya kwanza huwa utotoni kwa sababu utotoni ndipo tunapokutana nazo. Huko Marekani watoto wengi hufundishwa kulenga na baba au babu, shambani, kwa bunduki ndogo. Ukiwasikiliza, moshi kwao ni babu, ni koti lake, ni asubuhi ya kwenda kuwinda. Kwetu Kenya bunduki ni ya serikali kwanza. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kumiliki bila cheti, na uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Wengi wetu tulioshika bunduki tulizishika tukiwa watu wazima wenye sare: Kiganjo na Embakasi kwa polisi, Manyani kwa walinzi wa wanyamapori, Eldoret kwa makuruta wa jeshi. Moshi wetu hauna babu ndani yake. Una sajini.

Ukitaka kuona jinsi pua inavyotegemea alichonacho mwenye nayo, nenda mwezini. Desemba 1972 Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 waliingia kwenye chombo chao wakiwa wamejaa vumbi, wakavua kofia, wakasema vumbi lile linanuka baruti iliyokwisha kupigwa. Wanaanga wa safari nyingine walisema hivyo hivyo. Vumbi la mwezi halina nitroselulosi wala shura. Lina silika kwa wingi, chuma, kalsiamu, magnesi. Na lililoletwa duniani halina harufu hiyo. Lakini Cernan alikuwa rubani wa jeshi la majini. Alipokutana na harufu ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipa jina, akafungua sanduku la kumbukumbu na kutoa iliyokaribia. Lugha zetu nyingi hazina jina la harufu lisilotegemea kitu. Tunasema harufu ya udongo, harufu ya baruti, tukimrudisha msikilizaji kwenye chanzo. Kiswahili kina shombo na vumba kwa samaki, lakini kwa moshi wa bunduki hakina ila kuazima. Anayeazima huazima kutoka maisha yake.

Hapo nikamwelewa binti wa dada. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi mitaani, alikuwa Kenyatta Avenue na wenzake wa chuo. Aliniambia baadaye kwamba alichokinusa hakikuwa harufu moja: matairi yanayoungua, gesi ya kutoa machozi, halafu milio na kitu kikavu hewani. Gesi ya kutoa machozi, kwa kweli, tunainusa kidogo tu. Kazi yake kubwa inafanywa na neva nyingine, inayopeleka hisia za uso, ile inayokutoa machozi ukikata kitunguu. Gesi hiyo hukigusa kipokezi cha maumivu kilekile kinachoamshwa na haradali. Ni mchomo. Lakini ubongo hautenganishi mafaili wakati unakimbia. Mchomo, tairi, moshi wa risasi na mkono wa rafiki uliomponyoka viliandikwa ukurasa mmoja. Sasa ukimpa uzi mmoja, ukurasa wote unafunguka.

Hili linajulikana kwa waliotoka vitani. Utafiti uliofanywa kwa wapiganaji wa zamani ulionyesha kwamba harufu ya dizeli iliwaamshia dhiki wale wenye ugonjwa wa kiwewe zaidi kuliko wenzao wasiougua. Dizeli, kitu tunachokinusa kila siku nyuma ya basi. Katika jiji hili kuna watu wengi wanaobadilisha njia kwa sababu ya fundi anayechoma waya, na jirani zao wakidhani ni madoido. Si madoido. Njia iliyonipa mimi furaha ya sekunde kumi Parklands ndiyo hiyo hiyo inayompa yeye kifua kubana.

Nilivua sare miaka mingi kabla ya Juni ile. Hata hivyo nilipata aibu kusema "pananukia" mbele yake, na nimelitafakari neno hilo zaidi ya kemia yote niliyoieleza hapa. Kumbukumbu haikai kama ganda ndani ya mfuko. Kila ikitolewa hulainika, hushikwa upya, na hurudishwa ikiwa na alama za vidole vya leo. Moshi wangu unanukia kwa sababu nimeutoa mara nyingi na kila mara nimeurudisha pamoja na kicheko cha wenzangu. Ile baridi, yale mateke na ile hofu vimefifia. Wake bado mbichi. Wataalamu wa kiwewe huwasaidia watu kwa kuwakutanisha polepole na kile kinachowashtua wakiwa mahali salama, mpaka mwili ujifunze kwamba harufu inaweza kuja bila risasi kuifuata. Kumbukumbu ya kwanza haifutiki kwa hilo. Inapata mwenzake wa kukaa naye.

Wiki mbili baada ya Diwali alikuja kwangu Umoja kulala. Tulikuwa tunamenya viazi stima zikapotea mtaa mzima. Nikapapasa kiberiti, nikawasha mshumaa, nikakumbuka nikiwa nimeshachelewa. Nikamtazama. Alikuwa ameinua uso, ananusa.

"Hii ni ile ya Diwali?"

"Kidogo. Ni ndugu yake."

Akaomba kiberiti. Akawasha njiti moja, akaishika mbali na uso, akaipuliza, akauacha ule uzi wa moshi umfikie. Nikasubiri kifua chake.

"Hapana," akasema. "Hii ni ya kwa shosho. Koroboi."

Akawasha nyingine.